Mkono wa Kulia wa Twila Pesek

Kwa miaka thelathini na moja Twila Pesek aliendesha gari akiwa amekaa mahali pa abiria. Huku kwetu usukani uko kushoto, na masanduku ya barua yako kulia, yamesimama juu ya nguzo kandokando ya barabara, kila moja mbele ya ranchi yake. Mpeleka barua wa mashambani hutumia gari lake mwenyewe. Basi Twila alikuwa akitafuta magari makuukuu yenye kiti kimoja kirefu cha mbele, anakaa kulia, mguu wa kushoto anauvusha mpaka kwenye pedali, mkono wa kushoto anaunyoosha kushika usukani, na mkono wa kulia unatoka dirishani na barua. Mwili wake ulikuwa umefunguka kama mkasi. Maili mia moja na kumi na nane kwa siku, siku sita kwa wiki, masanduku sabini na manne. Magari kumi na moja yalizeekea chini yake.

Ukizijumlisha maili hizo zinapita milioni moja, na zote zimo ndani ya kaunti yetu ya Birdwood, katika vilima vya mchanga vilivyoota majani, ambako unaweza kusimamisha gari saa sita mchana, ukazima injini, na ukasikia damu yako mwenyewe ikipita masikioni. Sijui aitwe nani mtu aliyekwenda mbali kiasi hicho bila kutoka nyumbani. Sisi tulimwita Twila tu, na tulimwona kila siku, na kwa sababu hiyo hatukumwona.

Mkono wake wa kulia ulijua mambo ambayo macho yake hayakuyajua. Magari yake yote yalikuwa ya chini, midomo ya masanduku ilikuwa juu ya bega lake, na mguu uliokwenda kuombaomba breki upande wa pili haukumpa nafasi ya kugeuza kichwa. Macho yalibaki barabarani. Mkono uliingia peke yake. Ulijua sanduku la nani lina bawaba iliyopinda, la nani lina nyigu mwezi wa nane, bahasha ipi ina dirisha la karatasi laini na ipi ina kadi ya harusi. Wakati wa baridi alivaa glavu aliyoikata ncha za vidole, kwa sababu kidole kilichofunikwa, alisema, ni kipofu.

Sanduku la mwisho, la sabini na nne, lilikuwa la Verl Haskamp, mfuga ng'ombe asiye na mke wala maneno. Humo mkono wa Twila ulikuta kitu laini, chenye manyoya, tangu baridi yake ya kwanza kazini. Akatupa barua na kuuchomoa mkono kama aliyeungua. Alipomwona Verl karibu na uzio alimpigia kelele: "Verl! Sanduku lako lina panya!" Verl akafikiri kidogo, akajibu: "Hakuna panya." Mwaka uliofuata ikawa hivyo hivyo, na uliofuata. Kwa miaka thelathini na moja hayo ndiyo yalikuwa karibu mazungumzo yao yote.

Mwezi wa pili mwaka huu nyonga ilikataa. Twila alirudi kutoka kazini, akaliingiza gari bandani, akashindwa kutoka. Alikaa humo na mbwa wake mpaka jirani alipoona taa za gari hazijazimwa. Daktari wa North Platte aliitazama picha ya mifupa kwa muda mrefu, kisha akauliza alikuwa akifanya kazi gani, na alipoelezwa hakuamini, ikabidi Twila akae kwenye viti viwili vya pale hospitali na kumwonyesha.

"Unaweza kuendelea kufanya kazi," daktari akasema, "ila si kwa namna hiyo. Kaa kama dereva, mbele ya usukani. Ukikaa tena hivyo baridi mbili zaidi, hutatembea."

Aliyeshika zamu yake alidumu siku tisa, akakwama mchangani mara tatu, akarudisha funguo za posta. Ndipo Gaylen, mkuu wa posta yetu ndogo ya Purley, alipokwenda nyumbani kwa Twila, kofia mkononi. Likizo yake ya ugonjwa inaisha Jumatatu ya tarehe kumi mwezi wa tatu. Siku hiyo akiwa na gari linalofaa, njia ni yake. Asipokuwa nalo, njia inafungwa, masanduku yote sabini na manne yanang'olewa, na barua zitawekwa kwenye kabati moja la chuma kwenye njiapanda ya barabara kuu. Kutoka kwa Haskamp mpaka njiapanda hiyo ni maili arobaini na moja.

"Sijaja kukutisha, Twila," alisema Gaylen. "Nimekuja kukwambia tarehe."

"Tarehe ndiyo inayotisha, Gaylen. Kaa, unywe kahawa."

Gari lenye usukani kulia halipatikani hivi hivi katika nchi yetu. Twila alilitafuta kwenye matangazo mpaka akaliona moja katika mji wa Spokane, jimbo la Washington: Subaru Forester ya kijani, ya mwaka elfu moja mia tisa tisini na nane, iliyoletwa kwa meli kutoka Japani. Alikwenda kwa basi siku mbili na mto chini ya nyonga. Aliyemuuzia, mwalimu mstaafu wa muziki, alimpa hati ya umiliki iliyosainiwa vizuri na karatasi ya kibali cha muda ya kubandika kioo cha nyuma. Akarudi nalo peke yake, maili elfu moja na mia moja. Hazikufika hata za kazi yake ya wiki mbili.

Aliniambia baadaye kwamba saa ya kwanza alilia. Si kwa uchungu. Miguu yake miwili ilikuwa pamoja, mbele yake, kama miguu ya mtu. Barabara ilikuwa imekuja kusimama katikati ya macho yake. Kumbe imenyooka, alisema, na mimi nilidhani inakwenda upande.

*

Sheria ya jimbo letu iko wazi. Gari lililonunuliwa jimbo jingine lazima kwanza likaguliwe na ofisi ya sherifu: afisa asome namba iliyogongwa kwenye gari lenyewe, ailinganishe na ile ya kwenye hati, asaini fomu. Bila fomu hiyo mweka hazina wa kaunti hagusi kitu. Hapa Birdwood ukaguzi ni Jumatano tu, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa sita, katika uwanja wa kokoto nyuma ya mahakama. Twila alifika Jumanne usiku. Jumatano, saa nne na nusu, alikuwa uwanjani. Jumatano nyingine ingekuwa tarehe kumi na mbili.

Mkaguzi ni Dwaine Olmstead, naibu sherifu, mtu wa miaka arobaini na minne, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Amewahi kulikataa trela la baba mkwe wake siku moja kabla ya Krismasi. Alitoka na ubao wake wa fomu, tochi, na kioo kidogo kilichofungwa kwenye fimbo, akalizunguka lile gari la kijani mara moja, akasimama mbele ya dirisha la kushoto. Mbwa wa Twila, Biskuti, mbwa mzee wa kuchungia ng'ombe, alikuwa amekaa pale anamtazama.

"Leseni tafadhali," Dwaine akamwambia mbwa.

"Ameisahau nyumbani," Twila alisema kutoka upande wa pili.

"Jana jioni nimepigiwa simu mara mbili, Bi Twila. Watu wanasema kuna mbwa anaendesha gari barabara kuu, tena anakimbia."

"Hakukimbia. Alikuwa anafuata alama."

Dwaine alicheka kwa pua, basi, kicheko kikaisha. Akaenda kwenye kona ya chini ya kioo cha mbele, upande wa kushoto, ambako kila gari la nchi hii lina namba zake kumi na saba zimelala juu ya dashibodi. Akamulika. Akafuta kioo kwa kiganja, akamulika tena. Akaenda kona ya kulia. Akafungua mlango, akakagua nguzo yake. Palikuwa na karatasi ndogo ya maandishi ya Kijapani, imepauka.

"Hakuna namba," alisema.

"Ipo. Mwalimu alisema iko kwenye chuma, ndani huko mbele."

"Fungua boneti."

Walifungua. Injini ilikuwa imejaza nafasi yote, na juu yake bomba kubwa bapa la kupozea hewa. Nyuma ya bomba hilo, kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na watu, fundi wa zamani, huko Japani au Spokane, alikuwa amebandika kitambaa kinene cheusi chenye lami, cha kuzuia kelele. Dwaine aliingiza kioo chake cha fimbo, akainama, akakigeuza huku na huku.

"Naona kitambaa," akasema.

"Namba iko nyuma ya kitambaa."

"Inawezekana. Lakini mimi sisaini kinachowezekana. Nasaini nilichokiona."

"Dwaine, mwanangu. Barua yako ya kukubaliwa chuo cha polisi nani alikuletea?"

"Ni wewe, Bi Twila."

"Na ile ya kwanza, ya kukataliwa? Si niliizuia mpaka Jumamosi, ili uipate mama yako akiwa nyumbani?"

Masikio ya Dwaine yalibadilika rangi. "Nakumbuka. Na hata ungekuwa umenilea, ningesema hivi hivi. Mwaka juzi alikuja mtu hapa na lori, hati safi, tabasamu safi. Namba ya kwenye chuma ilikuwa ya lori jingine, lililoibiwa kwa mjane huko Kansas. Kama ningesaini alichonihadithia, yule mama angelikosa mpaka leo. Kitambaa kitoke kwa fundi, bomba lifunguliwe, urudi Jumatano."

"Jumatano njia yangu haipo."

Dwaine alijua. Birdwood yote ilijua. Saa ya mahakama ilionyesha saa tano na dakika ishirini. Juu yetu korongo walikuwa wakipita kuelekea mtoni, juu sana, sauti zao zinashuka kama milango ya mbali inayofunguliwa. Nasema yetu kwa sababu nilikuwa nimesimama pale na trela langu, nikingoja zamu, na nilitamani kuwa mahali pengine.

Twila alivua koti. Akavua glavu ya mkono wa kulia, ile iliyokatwa ncha, akampa Biskuti aishike.

"Hati unayo wewe?" aliuliza.

"Ninayo."

"Iweke mfukoni. Mimi namba hiyo siijui, sikuisoma. Mwalimu alinipa nikaikunja, nikaja nikakupa wewe. Sasa sikiliza."

Akaegemea ubavu wa gari, upande wa nyonga nzima, akauingiza mkono kati ya bomba na bati. Mkono ulipotea mpaka begani. Shavu lake lililala juu ya chuma, macho yakatazama mbali, kwenye tangi la maji la mji, kama mtu anayengoja simu ipokewe upande wa pili. Uso huo sote tulikuwa tumeuona maisha yetu yote ukipita mbele ya nyumba zetu. Tulidhani ni uso wa mtu anayewaza mambo yake. Kumbe alikuwa anasoma.

"Kitambaa kimebanduka chini," alisema. "Nimepita. Kuna vumbi. Kuna mafuta. Hapa pana mkunjo wa bati... hapa. Herufi. Inajipinda kama nyoka. S."

Dwaine alikuwa ametoa hati mfukoni.

"Hii ina mgongo na mikono miwili, mguu haina. F. Halafu namba tano, tumbo kubwa. Halafu kijistari. Sifuri. Nne, hii kali, inakwaruza. Moja." Bega lake lilisogea kidogo. "Hii sasa ni tatu au nane."

"Ipi?" Dwaine aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ngoja. Kidole kimelala, baridi." Akautoa mkono, mweusi mpaka kiwikoni, akaingiza vidole chini ya tumbo la Biskuti pale kwenye kiti, akahesabu taratibu mpaka thelathini. Mbwa alifumba macho. Kisha mkono ukarudi ulikotoka, na safari hii haukupapasa, ulikwenda moja kwa moja kama unaokwenda kwenye sanduku la mtu unayemfahamu.

"Tatu," alisema. "Upande wa kushoto mlango uko wazi. Halafu saba. Halafu sita. Basi, bati limeisha."

Sikuwa karibu kiasi cha kuiona hati. Lakini nilimwona Dwaine Olmstead. Alipitisha kidole gumba kwenye karatasi, herufi kwa herufi, kisha akarudi mwanzo akapitisha tena. Alivua kofia. Nadhani hakujua kwamba ameivua. Aliiweka juu ya paa la gari, akabaki kichwa wazi kwenye upepo wa mwezi wa tatu, kama watu wanavyosimama kaburini au bendera inapopita.

"Ni sawa?" Twila aliuliza, shavu bado liko kwenye chuma.

"Ni sawa."

"Basi saini."

"Bi Twila." Dwaine aliikunja hati. "Umeisoma wewe. Mimi bado sijaiona."

Nilidhani atamrushia kitu. Lakini Twila alicheka, kicheko cha kutoka tumboni. "Mama yako alikulea vizuri, mshenzi wewe," akasema. "Lete kisu na penseli."

Wakafanya hivi. Twila akakikata kitambaa kwa kisu cha mfukoni, kwa kupapasa, kipande upana wa kiganja. Akafuta chuma kwa kitambaa chenye petroli. Dwaine alijaribu kioo chake, akaona alama, lakini rangi ilikuwa nene na tarakimu zilikuwa zimezama, huwezi kuzitofautisha. Basi akachana karatasi safi kutoka kwenye daftari lake, Twila akaingia nayo, akaibana kwenye bati kwa vidole viwili na kuipaka penseli iliyolazwa ubavu kwa vidole vingine. Dwaine alilala juu ya injini na shati lake la pasi, tochi mdomoni, kioo mkononi. Nami niliacha trela langu nikaja nikashika boneti, ingawa boneti ilikuwa na fimbo yake.

Kwanza karatasi ilikuwa ya kijivu tu. Halafu, ndani ya kijivu, kitu cheupe kikaanza kupinda. Ilikuwa kama kumwona mtu akija kwenye ukungu wa alfajiri: kwanza si mtu, halafu ni mtu, halafu ni fulani. S. F. Tano. Mtu fulani huko Japani, zaidi ya miaka ishirini na mitano iliyopita, alilegeza au alikaza mtambo, nyundo ikashuka kwenye bati, na tangu siku hiyo namba hii imekaa gizani, imevuka bahari, imepita chini ya mikono ya watu wasioitaka, mpaka Jumatano hii. Sifuri. Nne. Moja. Tatu, mlango wazi. Saba. Sita.

"Naiona," Dwaine alisema na tochi mdomoni. Akaitoa. "Naiona, Bi Twila."

Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne. Alisaini akiwa amepiga magoti kwenye kokoto. Akapiga mhuri. Doa la mafuta lilikuwa limemkaa kifuani, kubwa kama sahani, na hakulifuta.

*

Corliss Ahlberg, mweka hazina wa kaunti, alikuwa akila chakula cha mchana mezani kwake: bakuli la maharage na nyama ya pilipili, na mkate wake wa mdalasini anaouchovya humo. Alisoma na Twila tangu darasa la kwanza. Aliipokea fomu, akainua miwani.

"Mwenzangu, hii namba imekatika."

"Haijakatika. Ndivyo ilivyo."

"Kompyuta inataka kumi na saba. Hapa naona tisa. Gari la zamani sana ningeweza kuliingiza, lakini la mwaka tisini na nane linakataa. Ona." Akabonyeza. Mashine ikalia mlio mmoja mfupi, wa dharau. "Umesikia? Hata chakula changu imekitia baridi."

"Corliss, nimeingiza mkono wangu kwenye tumbo la hilo gari."

"Naona, umeniachia alama kwenye kaunta." Lakini alikwisha shika simu. Aliwapigia wa mji mkuu, akaeleza, akangojeshwa, akaeleza tena kwa mtu mwingine. Twila alikaa kwenye benchi la ukutani, ameikunja midomo. Nyonga ilikuwa imeanza kumlipa kwa ile kazi ya uwanjani. Niliona anavyobadilisha mkao. Dwaine alikuwa amesimama mlangoni, saa yake ya kazi ya ukaguzi imepita, hakuondoka.

"Wanauliza," Corliss alisema, mkono juu ya simu, "kama afisa ana uthibitisho wowote zaidi ya fomu. Picha ya chuma, chochote. Kuna mtu huko anaweza kuifungulia mashine kwa ajili ya namba fupi, lakini anataka aone."

Dwaine alivuka chumba kwa hatua tatu na kulaza ile karatasi ya penseli mezani, kando ya bakuli.

Corliss aliitazama. Mkate wa mdalasini ulikuwa njiani kwenda mdomoni, ukasimama. "Nani amechora hivi?"

"Hakuchora mtu," alisema Dwaine. "Alisoma kwa vidole. Kabla hatujakata kitambaa, kabla hajaona chochote. Herufi mbili na tarakimu saba, Bi Corliss. Zote."

Karatasi ikapigwa picha na kutumwa. Tukangoja. Kuna saa ukutani mle iliyotolewa na benki, inatembea kwa kishindo. Kisha sauti ikarudi kwenye simu, na Corliss akasikiliza, akasema, "Mpeleka barua... Ndiyo... Hapana, si kipofu, anaona vizuri tu. Ni mpeleka barua." Akasikiliza tena. Akaweka simu chini, akabonyeza, na mashine safari hii haikulia.

Namba za kaunti, mbili, mpya, za bati jeupe, alizitoa kwenye droo na kuzifuta kwa kiwiko cha sweta kabla ya kumpa.

"Alisema nini mwishoni?" Twila aliuliza.

"Alisema nikusalimu," Corliss akajibu. "Halafu akasema nikusalimu tena."

*

Jumatatu kulikuwa na theluji nyepesi. Twila alipita kwangu saa tatu kasoro robo, kama zamani, isipokuwa uso wake sasa ulikuwa pale pale dirishani, karibu na sanduku, na alinitazama. Nilikuwa nimetoka nje makusudi. Baadaye nilisikia kwamba karibu kila ranchi mtu alikuwa amepata kazi ya kufanya kando ya barabara asubuhi ile.

Yaliyobaki alinisimulia yeye.

Gari lile ni refu kwenda juu kuliko yote aliyowahi kuwa nayo, na mdomo wa sanduku ulikuja sawa na macho yake. Hakuwa amelifikiria hilo. Kwa mara ya kwanza aliona ndani ya masanduku aliyoyaingia mara elfu tisa kila moja. Kwa akina Brandvold mtoto alikuwa ameandika jina lake kwa msumari kwenye bati la ndani, na chini yake, kwa mwandiko mwingine, mtoto wa mtoto huyo ameandika lake. Kwa mjane Tresch palikuwa na kioo kidogo cha kujitazamia. Hakujua ni cha nini. Alikwenda polepole. Alichelewa. Kila kifuniko alikifungua kama mtu anayeingia nyumba alimozaliwa na kukuta taa imewashwa.

Kwa Haskamp alifika saa nane. Barabara inaishia pale. Alikuwa na katalogi moja na bahasha ya duka la dawa za mifugo, na mkono ulikuwa tayari umejikunja kwa mazoea, tayari kutupa na kukimbia. Akafungua kifuniko, akatazama.

Ngozi ya kondoo. Sanduku lote lilikuwa limewambwa ngozi ya kondoo, chini, kandoni, na juu pale chuma kinapokata kifundo cha mkono. Manyoya yalikuwa meupe, yamechanwa. Misumari midogo ya shaba ilikuwa imepangwa ukingoni kwa mstari ulionyooka. Na pembeni, mahali ngozi ilipoinuka kidogo, aliona nyingine chini yake, ya manjano, na chini ya hiyo nyingine ya kahawia, na nyingine, zimelaliana. Kila vuli mtu alikuwa amekuja na nyundo na kuweka mpya, kabla ya baridi, ili mkono usio na ncha za glavu, unaotoka kugusa bati sabini na tatu zilizoganda, ukute kitu kimoja chenye joto mwishoni.

Twila aliweka barua ndani. Kisha akauacha mkono wake humo, umefunguka, kiganja kikiwa chini. Hakujua ni kwa muda gani. Biskuti alinyanyuka kwenye kiti cha kushoto kuona kuna nini.

Verl Haskamp alikuwa amesimama kwenye uzio, hatua hamsini hivi, na ndoo mkononi, anaangalia upande mwingine.

"Verl!" Twila aliita, mkono bado umo ndani. "Verl! Hakuna panya!"

Verl alifikiri kidogo.

"Nilikwambia," akasema.